Kama Hayupo, Ruka

Sadiki mwanangu,

Umeenda kuaga wajomba zako na umesema utarudi jua likizama, kwa hiyo nina saa chache za kuandika bila mtu kunichungulia begani. Mkoba wako nimeshaufunga. Mambo ya dawa ya malaria, ya kufua soksi, na ya kutomwamini kila anayekuita ndugu, umeyasikia tangu Jumatatu mpaka umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza kusema. Hayo tuyaache. Nina jambo lingine, na nikikuambia kwa mdomo utanikatiza kwa swali, mimi nitakasirika, na tutaishia kugombana juu ya swali badala ya jambo lenyewe.

Kesho asubuhi nina safari mbili na mwili mmoja. Boti yako inaondoka hapa Baraka kwenda Kigoma. Na kule Lubondja, saa nne, jamaa mbili zinakaa kikao. Jamaa ya mwanamume anayeitwa Etongwe inataka irudishiwe mali ya ndoa, na jamaa ya mke wake Feza imekwisha kukusanya mbuzi wa kurudisha. Mbuzi wakishapokelewa, ndoa imekufa, na watoto wote watatu ni wa baba yao. Hao watu huwajui. Mimi mwenyewe Feza nimemwona mara moja tu, kwenye dirisha la biro, ofisi yetu. Lakini ndoa yao niliivunja mimi, kwa mstari mmoja wa programu, na mstari huo umo kwenye ordinateri, kompyuta hiyo unayoibeba kesho.

Ndiyo, programu ile ile. Ile uliyoinakili kwangu ukawaonyesha watu wa Kigoma, wakaipenda wakakupa kazi. Uliporudi na habari hiyo nilipiga vigelegele na majirani, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye jiwe la kufulia, nikalia. Ulidhani nalia kwa furaha. Nilikuwa nalia kwa furaha pia, lakini si kwa furaha tu.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Ulikuwa bado unavaa kaptura ya shule ya msingi waliponiajiri kwenye biro ya kugawa mbegu na majembe, kwa sababu nilijua kupiga mashine kwa vidole kumi bila kuangalia. Kazi yangu ilikuwa orodha. Wenzangu wanakwenda vijijini kuandika watu, mimi ninayapanga majina kwenye ukurasa, kila jina na kitone chake mbele, Shefu, mkubwa wetu wa kazi, anauchapisha, na karatasi inabandikwa ukutani kando ya dirisha. Mwanamke anafika, anatafuta jina lake. Akiliona anapanga foleni. Asipoliona anarudi kwao mikono mitupu, hata kama ametembea siku mbili na msimu wa kupanda umeanza. Ukuta ule haukuwa na huruma, lakini wakati huo sikuuona hivyo. Niliona karatasi tu.

Miaka ya kwanza nilikuwa naandika kila alama kwa mkono. Ul ya kufungua orodha, li ya kufungua mstari, jina, li ya kufunga, jina lingine, mpaka macho yanatoa maji. Nikisahau kufunga alama moja, kijiji kizima kinaingia ndani ya nyumba ya mtu mmoja. Akaja fundi kutoka Bukavu kutengeneza mitambo yetu, mtu mzima mwenye mvi na kikohozi kibaya. Akasimama nyuma yangu, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mama, unaandika kila jina na mukono? Utazeekea hapa. Acha masini yenyewe itembee ku majina."

Akanionyesha. Programu inachukua majina yote, inalifikia la kwanza, inafungua li, inaandika jina, inafunga li, inaenda kwa linalofuata, na haichoki wala haisahau kufunga. Mistari kumi haikufika. Nilipobonyeza, Lubondja yote ikatokea, imepangika, kila mtu na kitone chake. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Sadiki, nimewahi kufurahi mara nyingi maishani, kuzaliwa kwako kumo, lakini furaha ya siku ile ilikuwa yangu mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kunitii bila kuniuliza mume wangu yuko wapi.

Tangu hapo wakaniita Mama Masini, mama wa mashine. Nilijivuna, siwezi kukataa. Wiki ya kwanza programu yangu ilifika kwenye jina la mzee M'munga ikasimama pale pale, kwa sababu ya ile alama ndogo iliyo katikati ya jina, na mzee akatuma mtu kuuliza kama ni kweli masini imewakataa watu wa ukoo wake. Nikatengeneza. Kila kilichoharibika nilitengeneza. Wewe ulikuwa unakuja baada ya masomo, unakaa ubavuni kwangu, na orodha yako ya kwanza ilikuwa ya timu za mpira za Lusenda. Uliipandisha timu yako juu kabisa ingawa ilikuwa imefungwa na kila mtu, hata na timu ya walimu. Nilipokuambia hiyo ni kudanganya, ulinijibu kwamba masini haikukataa.

Jibu lako lile nimelikumbuka mara nyingi miaka hii.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye ubaya. Orodha ya biro ilikuwa na orodha ndani yake. Kwanza kijiji. Ndani ya kijiji, mkuu wa nyumba, kwa kawaida mwanamume. Ndani ya mstari wa mwanamume inafunguliwa orodha ndogo, na humo ndimo anamokaa mke na watoto. Hakuna aliyeniagiza niipange hivyo. Niliipanga hivyo kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoulizana njiani: we ni wa kwa nani? Mwanamke ni wa kwa fulani, mtoto ni wa kwa fulani. Nilichukua salamu ya barabarani nikaifanya programu, na sikuona ajabu yoyote.

Ila unajua wanaume wetu. Dhahabu ya Misisi imewavuta kama chumvi inavyovuta mbuzi. Anaenda kwa miezi mitatu, anakaa miaka minne. Kanuni ya biro ilikuwa kwamba mtu asiyelala nyumbani haandikwi kupokea kitu, kwa hiyo wenzangu walipofika kijijini na kukuta mwenye nyumba yuko Misisi, waliweka alama ya "hayupo" na kuacha jina lake wazi. Kwenye ukurasa kikatokea kitone kitupu, na chini yake mke na watoto. Bironi tuliwaita hao wanawake bamama ba Misisi. Karatasi ya Lubondja ilijaa vitone vitupu.

Siku moja Shefu akaingia na karatasi mkononi. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kesho yake kutembelea kazi.

"Mama Masini, hii matundu-matundu ni ya nini? Batasema hatujue kuandika. Tosha."

Nilimwambia ni wanaume wa Misisi. Akasema hajauliza ni nani, amesema tosha, yaani nitoe. Nikakaa, nikaandika mstari mmoja. Ukiufungua utauona, uko palepale programu inapoanza kumchora mkuu wa nyumba, yaani kumtokeza kwenye ukurasa. Unasema: kama hayupo, ruka.

Ukurasa ukatoka safi. Hakuna tundu hata moja. Shefu aliushika juu kwenye mwanga, akasema, "Sasa iko propre," na mimi nikaenda nyumbani nikapiga pasi gauni langu la buluu kwa ajili ya wageni.

Wewe ni fundi, umeshaelewa. Mke na watoto walikuwa ndani ya mstari wake. Nilipomruka yeye, niliwaruka na wao. Masini haikulalamika, haikuandika kosa lolote, kwa sababu kwa upande wake hakukuwa na kosa. Niliiambia iruke, ikaruka na mzigo wote.

Feza alifika siku ile ile ya wageni. Alikuwa na mtoto mgongoni na miguu yake ilikuwa na vumbi la njia nzima ya Lubondja. Alijua kusoma. Nilimwona akipitisha kidole kwenye karatasi toka juu mpaka chini, akarudia, kisha akaja dirishani.

"Mama, jina yangu haiko."

"Angalia muzuri."

"Niliangalia mara mbili. Mama, mutu akikosa jina ku listi, ni nani anamutoshaka?"

Nyuma yangu Shefu alikuwa anaitisha viti. Joto lilikuwa kali, gauni langu limeanza kulowa mgongoni, na nilitaka mwanamke huyu aondoke dirishani kabla wageni hawajashuka garini. Nikamjibu bila kuinua macho.

"Ni mukubwa ya nyumba njo anatoshaka batu yake. Uulize bwana yako."

"Bwana yangu iko Misisi."

"Basi umuulize kule Misisi."

Akamkaza mtoto mgongoni. Akasema, "Aksanti, mama." Akaondoka.

Unaona, sikumdanganya. Kanuni ilikuwa hivyo kweli, mtu hatolewi ila mkuu wa nyumba akisema. Na ilikuwa imekwisha kutokea. Wanaume wawili watatu walikuwa wameteremka kutoka Misisi na mwanamke mwingine mkononi, wakapita bironi, wakamtoa wa zamani wakamwandika mpya. Kila mwanamke wa eneo letu la Fizi alizijua habari hizo. Kwa hiyo nilichomwambia Feza, kwa masikio yake, kilikuwa hiki: mume wako amekuacha, na amekuja kuniambia mimi kabla yako. Nani atauliza zaidi ya hapo? Mwanamke hasimami kwenye dirisha la watu na foleni nyuma yake akauliza jina la mwenzake.

Wengine walirudi. Wale wenye simu waliwapigia waume zao, wakatukanana, wakasameheana, wakaja bironi kwa hasira, na kwa sababu yao nikafungua programu wiki ile nikahesabu watu walioandikwa na watu waliochorwa. Hawakulingana. Nilitafuta sababu chini ya nusu saa. Nilipoukuta mstari ule nikafunga ordinateri, nikaenda nje nikanawa uso.

Hapo ndipo nilipaswa kwenda kwa Shefu. Utaniuliza kwa nini sikwenda, na nimejiuliza zaidi yako. Kibarua changu kilikuwa cha miezi mitatu mitatu. Mtunza ghala alikuwa amefukuzwa mwezi uliopita kwa kosa dogo kuliko langu. Wewe ulikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Hizo ni sababu, na ni za kweli, lakini ya kweli kuliko zote ni kwamba niliona aibu. Mama Masini, mwanamke pekee kwenye chumba cha wanaume, amekosea kitu ambacho mwanafunzi angekiona. Nilimwambia Shefu kwamba mtandao ulikuwa mbaya na majina mengine hayakupakiwa. Akakubali. Kila mtu hapa anakubali kwamba mtandao ni mbaya.

Na sikuufuta mstari. Hili utalishangaa. Programu inatunza historia ya kila badiliko, na wakubwa walio mji mwingine wanaisoma. Nikiufuta, wangeuliza kwa nini uliandikwa. Kwa hiyo nikapita njia ya nyuma. Kabla ya kuchapisha orodha, niliingia kwenye majina na kubadilisha alama za wanaume wa Misisi, nikawaandika wote kuwa wapo nyumbani. Wakachorwa, na wake zao wakachorwa. Baada ya kuchapisha, nikazirudisha alama mahali pake ili ripoti isishangaze mtu. Nilijiambia ni mwezi huu tu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka mitatu, na kila mwezi nimeipita kwa miguu yangu. Hapo ndipo nilipofungiwa, Sadiki. Kama siku ya orodha mimi sipo, mwenzangu yeyote atabonyeza, ukurasa utatoka safi, na bamama ba Misisi watafutika wote tena. Siwezi kuugua. Siwezi kupumzika. Wamenipa likizo mara tatu nimezikataa, na Shefu ananisifu mbele ya watu kwamba nina moyo wa kazi. Nikisikia sifa hiyo natamani ardhi ipasuke. Nimekaa kwenye mji huu, ziwa mbele na milima nyuma, na wala si vita wala barabara mbovu iliyonizuia kutoka. Ni mstari mmoja nilioandika mwenyewe.

Ulipopokea diploma yako Uvira, uliniwekea kiti. Rafiki zako walikuwa na mama zao, wewe ulipiga foto na kiti kitupu ukanitumia, na chini yake hukuandika kitu. Ilikuwa siku ya orodha. Bibi yako alipozidiwa na ugonjwa kule Kazimia walinipigia Jumanne wakaniambia nije upesi, anaulizia mtoto wake. Orodha ilikuwa Alhamisi. Nikasema nitakuja Ijumaa. Walimzika Alhamisi mchana. Wewe ulinitazama kwenye matanga ukasema, mbele ya shangazi zako, "Mama, hiyo kazi umeolewa nayo?" Niliinuka nikaenda kuchota maji. Ulidhani nimekasirika. Nilitoka kwa sababu kweli yake ulikuwa umeigusa bila kujua.

Mama yangu alikufa akiniita na mimi nilikuwa nabonyeza alama za wanaume wasiojulikana. Bado sijui pa kuliweka jambo hilo.

Na Feza? Mwaka mmoja ulipita kabla sijapata habari zake. Unamkumbuka yule mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, upande wa wauza chumvi, anayependa kukuongezea? Ni dada yake. Siku moja ananipimia ndagala, anazungumza na jirani yake habari za nyumbani, kumbe anamsema mdogo wake. Kwamba alirudi Lubondja kutoka Baraka hakusema neno kwa mama mkwe. Aliwaacha wale wakubwa wawili wamelala, akambeba yule wa mgongoni, akaenda kwao.

"Bwana yake alimutosha ku listi, akaandika mwengine," alisema. "Ya kuuliza ilibakia nini?"

Na Etongwe, kule kwenye mashimo, akapelekewa habari kwamba mke wake ameondoka bila kuaga. Akaamini ana mwanamume. Naye ana kiburi chake, hakuteremka, hakutuma mtu. Kila mmoja amekaa upande wake akingoja mwenzake aone aibu, na aibu ilikuwa ya mtu wa tatu, amesimama pale na mfuko wa ndagala, anaomba aongezewe pilipili. Nililipa nikaenda nyumbani. Nilizipika. Wewe ulizila ukasema nimezidisha chumvi.

Kwa hiyo miaka miwili yote iliyopita nilijua. Mwaka wa kwanza naweza kujitetea, nilikuwa sijui. Miwili hii sina la kusema. Mara nyingi nilifika mpaka kwenye meza yake, nikanunua ndagala tusizozihitaji, nikarudi. Nilijiambia labda Feza ameolewa tena, labda ana raha, labda nikisema nitaharibu zaidi. Labda ni neno tamu sana kwa mtu mwoga.

Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, dada yake akanishika mkono akaniomba nimwombee mdogo wake. Etongwe ameteremka. Kikao ni Jumamosi. Yule mtoto wa mgongoni, ambaye sasa anatembea na kusema, naye ataachwa pale pale kwa baba yake, kwa sababu mali ikirudi hivyo ndivyo inavyokuwa. Nikasema nitamwombea. Nimejaribu kweli, lakini kila nikipiga magoti nasikia sauti yangu mwenyewe: uulize bwana yako.

Hiyo ndiyo habari. Sasa kuhusu programu, nikuambie machache kama fundi kwa fundi, halafu niache, maana sina mamlaka ya kumfundisha mtu sasa hivi. Ufute mstari ule kabla hujawapa watu wa Kigoma kitu chochote. Mahali pake andika kwamba kama jina la mkuu wa nyumba halipo, kitone kichorwe hivyo hivyo, na neno "hayupo" lionekane mbele yake, kubwa. Shefu wako atasema ni vibaya kwa macho. Mwache aseme. Karatasi mbaya haijawahi kumtoa mwanamke nyumbani kwake. Na bora kuliko hilo, usimweke mtu ndani ya mstari wa mtu mwingine kabisa. Mpe kila mmoja mstari wake, mwanamume, mwanamke, mtoto, na uhusiano wao uuandike pembeni. Mimi sikuweza kulifikiria hilo kwa sababu nilikulia ndani ya swali la we ni wa kwa nani. Wewe umekulia mikononi mwa mama peke yake, labda utaweza.

Na programu ihesabu. Walioingia wangapi, waliochorwa wangapi. Hesabu zisipolingana isimame, hata kama wageni wameshashuka garini.

Haya mengine si ya programu. Mtu akija dirishani kwako, mtazame usoni kabla hujamjibu. Mimi nakumbuka miguu ya Feza na kidole chake, lakini sura yake siikumbuki, na hilo linanitesa, kwa maana kesho nikimkuta na dada zake sitajua ni yupi.

Umeona nimeandika "kesho nikimkuta". Nilipoanza barua hii sikuwa nimeamua. Nilitaka nikusindikize kwanza, halafu niende. Nimepiga hesabu ya saa kila namna. Boti haina saa, inaondoka ikijaa, inaweza kuwa saa mbili, inaweza kuwa saa sita. Nikishakaa pwani na wewe nitasema ngoja nikuone unaondoka, na ukishaondoka nitasema kikao kimekwisha sasa, na nitarudi nyumbani nikiwa na sababu nzuri kama zote nilizowahi kuwa nazo. Najijua. Mtu aliyekosa mazishi ya mama yake kwa kuogopa kusema sentensi moja, hawezi kuaminiwa na asubuhi nzima.

Leo mchana nilipotoka kukununulia mkate wa njiani, nilipitia bironi. Hapakuwa na mtu ila mlinzi. Nimeufuta mstari. Kwenye historia nimeandika sababu, alama nilizokuwa nazigeuza kila mwezi, na jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. Jumatatu wataisoma. Labda Jumanne sina kazi. Nimekaa kwenye kiti kile kidogo baada ya kumaliza, nikingoja nihisi nimefunguliwa, na sikuhisi kitu, niliogopa tu.

Kule Lubondja sijui watanipokea vipi. Pengine Etongwe atasema mambo ya masini hayamhusu, mwanamke aliyeondoka ameondoka. Pengine Feza mwenyewe hataki kurudi kwa mtu aliyeamini mabaya juu yake kwa miaka mitatu, na nani atamlaumu. Siendi kupatanisha. Ninaenda kusimama katikati ya watu na kusema hakuna aliyemtoa, ni mimi, kisha wafanye wapendavyo huku wanajua. Mbuzi wasihame kabla hilo halijasemwa.

Pikipiki ya Lubondja inaondoka saa kumi na mbili, bado utakuwa unanawa uso. Barua hii utaikuta juu ya mkoba wako, na mkate uko ndani ya sufuria, umefunikwa. Usinitafute pwani, na usiweke kiti. Ukifika Kigoma na ukiwa bado na hasira, nipigie hivyo hivyo na hasira yako, nitapokea. Wewe najua utanisamehe, mwanangu. Feza sijui.

Mama yako